Uzi: Leah Chase wa New Orleans, jiko lake na kanisa lake

#1. Mleta uzi

Leah Chase alifariki dunia tarehe 1 Juni 2019 akiwa na umri wa miaka 96, na misa ya mazishi yake iliadhimishwa katika kanisa la Mtakatifu Petro Claver, mtaa wa Tremé mjini New Orleans, parokia aliyosali kwa muda mrefu wa maisha yake. Magazeti ya Marekani yalimwita malkia wa mapishi ya Kikrioli, yakaorodhesha marais waliokula mezani kwake, tuzo alizotunukiwa na picha za wasanii weusi alizotundika kwenye kuta za mgahawa wake, na hayo yote yalikuwa kweli. Lakini katika tanzia nyingi nilizosoma, kanisa lilitajwa mwishoni tu, pale panapoelezwa mahali na saa ya mazishi. Nimeleta uzi huu kwa sababu naona mpangilio huo umewekwa kichwa chini miguu juu. Mama huyu alikuwa muumini kwanza, jiko likawa ndilo utume wake, na asiyeanzia hapo atabaki na visa vya marais mkononi huku kiini kikimponyoka.

Alizaliwa tarehe 6 Januari 1923, sikukuu ya Tokeo la Bwana, akaitwa Leah Lange. Alikulia Madisonville, mji mdogo ulio ng'ambo ya ziwa Pontchartrain, katika familia ya Wakrioli Wakatoliki, yaani watu weusi wa Louisiana waliorithi kwa pamoja Uafrika, Ufaransa na Uhispania, na waliokuwa na Ukatoliki wao hata kabla eneo hilo halijauzwa kwa Marekani mwaka 1803. Walikuwa watoto wengi, na utoto wake uliangukia katika miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Baba yake alifanya kazi kwenye karakana ya meli, na nyumbani walikula walichokilima wenyewe. Msimu wa stroberi ukifika, watoto nao waliingia shambani kuchuma. Kanuni ya baba ilikuwa fupi, na Leah aliirudia hadi uzeeni: sali, fanya kazi, watendee wengine mema.

Madisonville haikuwa na sekondari ya Kikatoliki kwa watoto weusi, hivyo akapelekwa New Orleans akae kwa shangazi na kusoma St. Mary's Academy, shule ya Masista wa Familia Takatifu. Naomba tusipite hapa haraka. Shirika hilo la watawa weusi lilianzishwa mjini humo mwaka 1842 na Henriette Delille, wakati utumwa bado ni halali na soko la kuuza watu liko mitaa michache tu kutoka kanisani. Msichana aliyelelewa na masista wa namna hiyo alijua mapema kwamba mwanamke mweusi anaweza kuanzisha kitu, akakiongoza, na kikadumu.

Alipomaliza shule, wengi walitarajia aende kwenye viwanda vya kushona nguo, kama wasichana wengi wa Kikrioli wa wakati wake. Yeye alichagua kuwa mhudumu wa mgahawa katika French Quarter, mtaa wa kale wa New Orleans. Huko ndiko alikoona kwa mara ya kwanza mgahawa unavyofanana kwa ndani, kwa kuwa watu wa rangi yake waliruhusiwa kubeba sahani lakini hawakuruhusiwa kuketi. Alitazama jinsi meza zinavyotandikwa, jinsi mteja anavyopokelewa, jinsi uma na kisu vinavyopangwa, na kwa namna alivyosimulia baadaye, ni wazi kwamba alishawishika pale pale kuwa watu wake nao wanastahili kuhudumiwa hivyo.

Mwaka 1946 aliolewa na Edgar Chase mdogo, mpiga tarumbeta aliyekuwa na bendi yake. Wazazi wa kijana huyo, Emily na Edgar mkubwa aliyefahamika kwa jina la utani la Dooky, walikuwa na biashara iliyoanza mwaka 1939 kwa kuuza mikate iliyojazwa nyama na tikiti za bahati nasibu, na kufikia 1941 ikawa baa na mgahawa uitwao Dooky Chase katika Orleans Avenue. Leah aliingia jikoni humo baada ya watoto wake wanne kufikia umri wa kwenda shule, na hakutoka tena.

#2. Mchangiaji, Mwanza

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa kazi hii. Ningependa kuuliza jambo ambalo watu wa kwetu watakuwa wameliwaza mara moja: mama mkwe alipokeaje hali hiyo? Ninavyofahamu mimi, mkwe anayeingia katika jiko lenye mwenyewe na kuanza kubadilisha vitambaa vya meza hujitafutia maneno ya mwaka mzima.

#3. Mleta uzi

Swali lako ni la msingi, na jibu lake linafurahisha. Leah alikuja na mawazo ya French Quarter. Alitaka vitambaa vyeupe, alitaka vijiko vya heshima, na akaweka kwenye orodha ya vyakula kambakoche aliyepikwa kwa mchuzi wa krimu na kurudishwa ndani ya gamba lake, chakula ambacho Wafaransa hukiita thermidor. Wateja walikikataa kabisa. Walikuwa wamekuja kula chakula wanachokijua, na kile cha krimu hawakuona kinawahusu. Akarudi kwenye mchuzi mzito wa gumbo, kuku wa kukaanga, maharage mekundu na kamba, lakini vitambaa vyeupe vikabaki. Mimi naona hapo ndipo alipokomaa: aligundua kwamba heshima aliyotaka kuwapa watu wake haikuhitaji chakula cha wengine, ilihitaji chakula chao kilichowekwa mbele yao kwa adabu ile ile.

Kuhusu mama mkwe, Leah alimsifu hadharani kama mwanamke wa biashara hodari, ambaye bila hesabu zake pasingekuwa na mgahawa wa kurithi. Binti wa kwanza wa Leah aliitwa Emily, jina la bibi yake mzaa baba. Mengine yaliyosemwa jikoni tuwaachie wenyewe.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa uzi huu, nalo ni Alhamisi Kuu.

Kila mwaka, siku hiyo ya kuanza Siku Tatu Kuu za Pasaka, Leah Chase alipika gumbo ya majani, ambayo kwa Kikrioli huitwa gumbo z'herbes. Wakatoliki wa New Orleans huila kama chakula kizito cha mwisho kabla ya mfungo wa Ijumaa Kuu, ndiyo maana imejaa nyama licha ya jina lake. Majani yanayoingia lazima yawe ya aina zisizogawanyika kwa mbili. Yeye alitumia aina tisa: haradali, sukuma wiki, majani ya tanipu, majani ya bitiruti, majani ya karoti, kabichi, saladi, spinachi, na ile mboga iotayo majini inayoitwa watercress. Wazee wa huko husema kwamba kwa kila aina ya jani utakayokula utapata rafiki mpya katika mwaka unaofuata. Humo humo huingia soseji za kukaushwa kwa moshi, soseji ya pilipili waiitayo chaurice, paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi na nyama ya kifua ya ng'ombe.

Naomba mtazame kilichofanyika hapo. Huyu ni mwenye mgahawa ambaye kilele cha mwaka wake wa biashara kilipangwa na kalenda ya liturjia. Majani yalianza kuoshwa na kuchambuliwa siku kadhaa kabla, katika Juma Kuu lenyewe, wakati ambapo muumini mwingine angesema kwamba kazi ni nyingi mno hawezi kufika kanisani. Kwake yeye ilikuwa ibada moja iliyoanzia jikoni na kuishia altareni, na waliokaa mezani siku hiyo, wawe Wakatoliki, Wabaptisti au wasio na dini yoyote, walikuwa wakila Kwaresima ya Leah Chase, wakijua au wasijue.

#4. Mchangiaji, Arusha

Mimi ni mpishi kwa taaluma, na nimewahi kupika chakula hiki kwa kufuata maelezo yake. Naongezea machache kuhusu utendaji, kwa sababu mleta uzi ametaja viungo bila kueleza kinachotokea ndani ya sufuria.

Majani yote huchemshwa pamoja na vitunguu na vitunguu saumu hadi yalainike kabisa, kisha huchujwa, lakini maji yake hayamwagwi hata tone, kwa kuwa ndiyo supu. Nyama hupikwa katika maji hayo hayo. Majani husagwa hadi yawe laini, karibu na kisamvu kilichotwangwa vizuri. Soseji ya pilipili hukaangwa pembeni itoe mafuta yake, na katika mafuta hayo huingizwa unga wa ngano unaokorogwa juu ya moto; huo ndio unaoshika mchuzi. Vyote vikishakutana hutiwa majani ya thaimu, chumvi na pilipili, huachwa vichemke taratibu, na mwishoni kabisa hunyunyizwa filé, ambayo ni unga wa majani makavu ya mti wa sassafras, maarifa ambayo Wakrioli waliyapata kwa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa eneo lile. Huliwa na wali mweupe.

Anayetaka kujaribu hapa Tanzania atapata sehemu kubwa ya majani hayo sokoni bila shida, na asipopata ya tanipu aweke figiri, ambayo ina ukali wa kutosha. Kwa filé sina mbadala wa kweli. Kuna wanaoshauri bamia, nami nawasihi wasifanye hivyo katika chakula hiki, kwa kuwa bamia ina gumbo yake nyingine ya kamba na kaa, na utelezi wake utazima ladha ya majani. Utashi wa kula nguruwe nao si wa kila nyumba; nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa moshi hutosha.

Jambo moja la kiufundi lilinifundisha kumheshimu mama huyu. Majani tisa yana michanga tisa. Chakula hiki hakipikiki na mtu mmoja mwenye haraka. Kinadai mikono mingi juu ya mabeseni mengi, na kwa hiyo kinadai familia.

#5. Mchangiaji, Nairobi

Nimefuatilia kwa makini, na nina pingamizi ambalo nalitoa kwa heshima. Ndugu mleta uzi anazungumza kana kwamba kanisa lilikuwa chemchemi safi ambayo mama huyu alichota kwayo. Sivyo. Kanisa Katoliki la New Orleans lenyewe lilitenganisha watu kwa rangi. Katika parokia nyingi weusi waliketi viti vya nyuma, na shule za Kikatoliki zilikuwa za weupe na za weusi mbali mbali. Yeye mwenyewe alivushwa ziwa akiwa binti mdogo kwa sababu hiyo hiyo. Hata parokia ya Petro Claver ilikuwa parokia ya weusi katika mji ambao ulipanga iwe hivyo.

Hapa Nairobi tunalo kanisa lenye jina hilo hilo, karibu na Race Course Road, lililohudumia Waafrika wa mji wakati wa ukoloni, na nadhani si sadfa. Mtakatifu Petro Claver alikuwa Mjesuiti Mhispania aliyewahudumia watumwa waliokuwa wakiteremshwa kutoka melini huko Cartagena, katika Kolombia ya leo, akafariki mwaka 1654, na tangu alipotangazwa mtakatifu mwaka 1888 jina lake limewekwa juu ya milango ya makanisa ya watu weusi pande nyingi za dunia. Ni jina zuri. Lakini mara nyingi liliwekwa pale ambapo mtu mweusi alikuwa ameelekezwa asali mlango wake peke yake. Je, hatuoni kwamba mkahawa wa Leah Chase ulifanya kile ambacho kanisa lake lilichelewa kufanya?

#6. Mleta uzi

Pingamizi hili nalikubali kwa sehemu kubwa, na historia iko upande wako. Askofu Mkuu Joseph Rummel aliandika barua ya kichungaji mwaka 1953 akiagiza utengano ukome katika makanisa, na mwaka 1956 akatangaza kwamba ubaguzi wa rangi ni dhambi, lakini shule za jimbo lake zilifunguliwa kwa watoto wote mwaka 1962 tu, na mwaka huo huo aliwatenga na Kanisa Wakatoliki watatu waliokuwa wakipinga agizo hilo kwa ukaidi, akiwemo mwanasiasa mwenye nguvu Leander Perez. Kwa maneno mengine, kabla shule za Kikatoliki hazijaketisha watoto wa rangi zote kwenye dawati moja, watu weusi na weupe walikuwa wameshaketi pamoja kwa Leah Chase kwa miaka kadhaa.

Na walipoketi walikuwa wanavunja sheria. Sheria za ubaguzi zilikataza watu wa rangi mbili kuhudumiwa pamoja, na chumba cha juu cha mgahawa wa Dooky Chase kikawa mahali pa kukutania. Thurgood Marshall, mwanasheria aliyekuja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alikula pale. Wakili A. P. Tureaud, aliyepigania mashauri ya haki za weusi katika Louisiana, alikuwa mtu wa pale. Martin Luther King alipita pale. Vijana wa mwaka 1961 waliopanda mabasi kwenda Kusini kupinga ubaguzi katika usafiri walilishwa pale, wengine wakiwa wametoka mahabusu. Polisi walijua. Mgahawa ulipendwa mno na watu weusi wa mji kiasi kwamba kuuvamia kungezua vurugu ambazo hakuna mkubwa aliyezitaka. Hata hivyo mwaka 1965 lilirushwa bomu lililoharibu sehemu ya jengo, na siku zilizofuata waliendelea kupika.

Kuna jambo jingine dogo ambalo ningependa lisisahaulike. Mabenki hayakuwathamini wafanyakazi weusi, kwa hiyo siku za malipo watu walileta hundi zao za mishahara Dooky Chase, wakabadilishiwa fedha taslimu pale baa, wakala, wakaenda nyumbani. Familia moja ilikuwa ikitoa chakula, benki na ukumbi wa mikutano chini ya paa moja.

Lakini sikubaliani nawe kwamba jambo hilo linamtenga na kanisa. Leah Chase hakujiita mpigania haki. Kila alipoulizwa kuhusu miaka ile alirudi kwenye lugha ya chakula: kwamba watu walikuja wana njaa, wana kazi ngumu mbele yao, naye kazi yake ilikuwa kuwalisha, na kwamba mambo ya Amerika yalibadilishwa juu ya bakuli la gumbo. Mwingine angesema anajishusha. Mimi nasikia katekisimu. Kuwalisha wenye njaa ni tendo la kwanza katika yale matendo ya huruma ya kimwili ambayo kila mtoto wa Kikatoliki wa kizazi chake aliyakariri kabla ya Komunyo ya kwanza, na hakuna mahali katika orodha hiyo panapoagiza kwanza umuulize mwenye njaa rangi yake, wala panaposema subiri askofu aandike barua. Kanisa kama taasisi lilichelewa, hilo halina ubishi. Muumini mmoja katika jiko la Orleans Avenue alilitii kanisa kuliko lilivyojitii lenyewe.

#7. Mchangiaji, Minneapolis

Mimi niko Marekani na nilibahatika kula pale, nikamwona akipita kati ya meza kwa kigari chake cha kutembelea, amevaa koti lake la mpishi, akimuuliza kila mtu kama ameshiba. Naomba kuongezea kisa ambacho wenyeji wa pale hukisimulia kwa kicheko. Barack Obama alipofika mwaka 2008 akiwa mgombea, alichukua chupa ya mchuzi wa pilipili na kuimimina kwenye gumbo kabla ya kuonja. Mama alimpiga mkono na kumkaripia kwamba haiwekwi pilipili ya chupa katika gumbo yake. Ni mama wa nyumba akimrudi kijana wake mezani.

Ningeomba mleta uzi azungumzie familia na majonzi yake, kwa sababu wanaomsifu humwonyesha akitabasamu tu.

#8. Mleta uzi

Ni kweli. Mwaka 1990 alimpoteza Emily, binti yake wa kwanza, aliyefariki wakati wa kujifungua. Emily alikuwa mkono wake wa kuume katika mgahawa. Leah alisema wazi baadaye kwamba alichoweza kufanya ni kurudi jikoni, na kwamba sala na kazi ndivyo vilivyomshika asianguke. Hakudai kwamba aliyaelewa yaliyotokea.

Miaka 15 baadaye msiba ukaupata mji mzima. Kimbunga Katrina kilipiga mwisho wa Agosti 2005, kuta za mifereji zikabomoka, na maji yaliyojaa Tremé yaliingia mgahawani kwa kina kilichoharibu jiko na samani zote. Picha za sanaa, zikiwemo kazi za wasanii weusi Elizabeth Catlett na Jacob Lawrence, zilipona, na mjukuu wake alizihamisha zikahifadhiwe mahali salama. Leah alikuwa na miaka 82, mume wake naye amezeeka, na waliishi katika nyumba ya tela iliyotolewa na serikali, jirani kabisa na mgahawa uliokufa. Mtu mwingine wa umri huo angepokea pole na kustaafu. Mwaka 2006, kipindi cha Pasaka, wenye migahawa wa mji walifanya karamu ya kumchangia, wakapika gumbo ya majani, yaani chakula chake mwenyewe cha Alhamisi Kuu, na zikapatikana kama dola 40,000. Mgahawa ulifunguliwa tena mwaka 2007.

Mume wake, Edgar, alifariki mwaka 2016 baada ya miaka 70 ya ndoa, na mwaka huo huo Leah alitunukiwa tuzo ya James Beard ya mafanikio ya maisha yote, ambayo ni mojawapo ya heshima kubwa kabisa kwa mpishi nchini Marekani.

#9. Mchangiaji, Dar es Salaam

Nimesoma hadi hapa kwa utulivu, na sasa niseme linalonikera, si kwa marehemu bali kwa namna tunavyomkumbuka. Mwanamke anafanya kazi ya kusimama kwenye joto la jiko hadi zaidi ya miaka 90, anampoteza binti na kurudi jikoni, anapoteza nyumba na kurudi jikoni, na sisi tunaita hayo utakatifu. Mimi ni mwanachama wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania, katika parokia yangu, na ninajua utakatifu wa aina hiyo. Ni ule wa kuamka saa tisa usiku kupika pilau la sherehe ya somo wa parokia, kuwapakulia mapadre, wageni na kwaya, na kula makoko ukiwa umesimama wakati hotuba za shukrani zinasomwa bila kukutaja. Familia nyingi zina bibi kama huyo, na siku ya msiba wake kila msemaji husifu mapishi yake, na hakuna anayeuliza kama aliwahi kuketi.

#10. Mleta uzi

Dada, hoja hii ni nzito kuliko zote zilizotolewa humu, na sitajifanya kwamba nina jibu litakalokuridhisha. Naweza kusema tu kwamba Leah Chase anatofautiana na bibi unayemweleza katika mambo mawili. La kwanza, jiko lilikuwa lake. Alikuwa mwenye mali, aliajiri, aliamua nani ale nini na kwa masharti gani, na kisa cha Obama kinaonyesha kwamba mezani kwake hapakuwa na mkubwa zaidi yake. La pili, hakukubali kufungiwa humo. Alinunua sanaa ya wasanii weusi wakati ambapo majumba ya makumbusho hayakuwa yakiitundika, akaingia katika bodi ya jumba la sanaa la mji wake, na mchoraji Gustave Blache III akamchora katika mfululizo wa picha akiwa kazini. Mojawapo, inayomwonyesha akikata maboga, imo katika jumba la taifa la picha za watu mashuhuri mjini Washington.

Lakini tofauti hizo zinathibitisha unalolisema. Waliobaki wengi walipika vizuri kama yeye, wakasali kama yeye, na hawakuwa na hati ya nyumba wala jina mlangoni. Leah mwenyewe alikuwa mkali kwa wanawake vijana juu ya jambo hilo, akiwasisitizia wasimame imara na kufanya kazi kwa ubora ili asiwepo wa kuwapuuza. Mkazo wake ulikuwa juu ya bidii ya mwanamke. Wako uko juu ya wale wanaokula bila kumtazama mpishi, na nadhani parokia zetu zinahitaji wako kwanza.

#11. Mchangiaji, Mwanza

Narudi na swali la mwisho. Baada ya kifo chake, jiko liko mikononi mwa nani, na je, ile Alhamisi Kuu bado ipo?

#12. Mleta uzi

Mgahawa uko pale pale Orleans Avenue na umebaki ndani ya familia. Jiko linaongozwa na mjukuu wake, Edgar Chase IV, aliyefanya kazi bega kwa bega na bibi yake katika miaka yake ya mwisho, na wanafamilia wengine wanasimamia ukumbi na mfuko wa hisani wenye jina la Leah na mume wake. Gumbo ya majani bado inapikwa Alhamisi Kuu. Atakayefika New Orleans katika Juma Kuu ajue kwamba nafasi za siku hiyo hujaa mapema sana, na chupa ya pilipili aiache mbali na bakuli.